Mlio wa Mwamba wa Mwezini

Shinyanga, 14 Machi 1976

Mdogo wangu Euphrasia,

"Mwezini hakuna hewa, na pasipo hewa hapana sauti. Mwalimu Herman, anayewasikilizisha watu wetu nyundo zikilia Mwezini, ni mwongo. Na anayedanganya juu ya Mwezi atadanganya na juu ya dunia."

Ndivyo alivyoandika Januari Kitundu wa Tabora katika gazeti la Jumapili iliyopita. Nisamehe kwa kuanza naye kabla ya salamu, kifua kimejaa. Mhola, habari za huko? Shemeji Mageni hajambo? Mpwa wangu Donatus je, na mkewe? Hapa tu wazima, ila macho ya wifi yako Generosa yanamsumbua, na mvua imekatika pamba ikiwa bado fupi.

Sasa nirudi kwa Januari. Sauti haipiti kwenye hewa peke yake. Aje hapa stesheni aweke sikio kwenye reli, ataisikia treni kabla hajauona moshi wake. Katika mchezo wangu wa redio, Kapteni Ghati na wachimbaji wake huegemeza kofia zao za chuma kwenye ukuta wa shimo. Mlio unatoka kwenye jiwe, unaingia kwenye chuma, unafika sikioni. Nimeyasema hayo katika sehemu ya pili ya mchezo, lakini yeye alikuwa ananoa kalamu badala ya kusikiliza. Nimesoma vitabu vya elimu ya anga mpaka Generosa akauliza kama nahama. Sijaweka katika "Mashimo ya Mwezini" jambo moja ambalo sikulipima, na nimemwambia hivyo gazetini.

Lakini najua watu wa aina yake. Hoja ikimshinda atasema mchezo wenyewe hauna faida kwa mkulima na mfanyakazi. Nataka nimzibe mdomo kabla hajaufungua. Wewe unakaa katikati ya wachimbaji. Niandikie wanasemaje. Je, wanasikiliza? Wanajifunza lolote? Andika kwa urefu, usiogope.

Kaka yako,
Herman

*

Kalangalala, Geita, 11 Aprili 1976

Kaka Herman, shikamoo.

Barua yako ilikaa njiani wiki tatu. Wanasema gunia la posta lililala kivukoni. Sisi wazima. Mageni anakohoa asubuhi kama kawaida yake tangu alipotoka mgodini, lakini shambani anakwenda. Mkwe wangu Nyamizi ana mimba ya miezi mitano. Donatus yuko upande wa Katoro, katika shughuli zake. Mpe pole wifi kwa macho.

Umeuliza kama wanasikiliza. Kaka, kila Alhamisi saa moja na nusu Jafferali anaiweka redio juu ya kaunta ya duka, na hakuna anayeuziwa hata kiberiti mpaka mchezo uishe. Watu wanajaa mpaka barabarani. Kapteni Ghati akianza kusema, hata akina mama wa ndizi wananyamaza. Wiki ile uliyomuua rubani wa chombo, Jafferali aliniambia, "Mama Donatus, mwambie kaka yako aue mtu kila wiki, nimemaliza betri zote." Binti yake Shirin akamgombeza, lakini na yeye alikuwa anafuta machozi. Wachimbaji wanashuka kutoka vilimani na matope yao miguuni. Siku hizi wanaitana Kapteni. "Kapteni, nipe maji." "Kapteni, unanuka." Kwa hiyo mwambie huyo wa Tabora kwamba mchezo wako unapendwa.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini kuandika.

Katika mchezo, Kapteni Ghati kabla ya kuingia kwenye shimo hugonga mwamba kwa nyundo. Mwamba ukilia duu, anasema, "Umetujibu, tuingie." Ukilia kidogo, ngi, anasema, "Umekataa," wanarudi. Basi wachimbaji wetu wanafanya hivyo hivyo. Wakichimba duara, kama wanavyoliita shimo lao, wanagonga. Likilia duu wanashangilia, "Mwezi umejibu!" na wanaingia.

Mageni aliposikia alisimama palepale dukani. Akasema, "Ameugeuza mlio. Mwamba mzima unalia ngiing, kama kengele. Ukilia duu kama ngoma, maana yake umeachana huko nyuma, kuna uwazi, unangoja kuanguka. Miaka kumi na minne niligonga paa la mgodi kila zamu, na kila jiwe lililosema duu tuliliangusha kwa mtaimbo kabla halijatuangukia."

Wakamcheka. Mmoja akamwambia, "Mzee, wewe ulichimba kwa Wazungu na taa ya kandili. Kapteni Ghati yuko mwaka elfu mbili na sabini na sita!" Watu wakashika mbavu. Mageni akachukua kofia yake akaondoka.

Kaka, najua hukukusudia. Waambie wa redio waseme neno moja tu kabla ya mchezo kuanza, kwamba mlio ule umegeuzwa. Neno moja tu.

Mdogo wako,
Euphrasia

*

Shinyanga, 5 Mei 1976

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na nampongeza Nyamizi. Generosa amepewa miwani. Sasa anaona vumbi ambalo zamani hakuliona, na mimi ndiye ninayelaumiwa. Bei ya pamba haijatangazwa.

Barua yako imenifurahisha kuliko unavyojua. Nimeambatanisha kipande cha gazeti. Soma jinsi Januari alivyonyamazishwa! Nimechapisha maneno yako na jina lako: "Wachimbaji wa Geita wanagonga mwamba kama Kapteni Ghati na kuingia." Shahidi ni wewe, mke wa mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi miaka kumi na minne. Atajibu nini?

Kuhusu yale ya Mageni, niliyakata. Nafasi gazetini ni ndogo. Na kusema kweli, dada, fikiri kidogo. Huu ni mchezo wa kuigiza. Tulipokuwa studio, fundi wa sauti aligonga jiwe zima, tukasikia kama mtu aliyedondosha kijiko. Mlio haukuwa na uhai. Akagonga pipa tupu, duuu! Mwigizaji wa Kapteni Ghati akaruka kwenye kiti. Hapo tukajua tumepata mwamba wetu. Msikilizaji hana macho, ana masikio tu, na mimi ndiye ninayempa Mwezi kwa njia hiyo moja. Mwamba unaokubali lazima uwe na sauti kubwa kuliko unaokataa. Sanaa ina sheria zake.

Hao wachimbaji ni watu wazima. Kama mtu anasikia kwenye redio chombo kinaruka kwenda Mwezini, je, ataruka toka juu ya paa? Na fikiria Januari atakavyocheza ngoma akisikia redio inatangaza kwamba Mwalimu Herman amekosea! Miezi minne ananisubiri nijikwae. Siwezi kumpa hilo, si kwa sababu ya sauti ya pipa.

Mageni ni shemeji yangu na ninamheshimu. Sikumbuki kama aliwahi kunieleza mambo ya milio.

Herman

*

Kalangalala, 30 Mei 1976

Kaka, shikamoo. Nyamizi anaendelea vizuri. Mvua hakuna.

Gazeti lilifika dukani kabla ya barua yako. Shirin alilisoma kwa sauti, maana ndiye anayesoma haraka. Alipofika kwenye jina langu wachimbaji walipiga kelele mpaka Jafferali akashika chupa zake za mafuta. "Hata mke wa Mzee Mageni anakubali! Imeandikwa!" Mageni alikuwa mlangoni. Tangu siku ile anakula kwa kaka yake. Anarudi, ananisalimu, analala. Nimemwambia sikuandika hivyo. Akaniuliza, "Jina ni la nani?"

Mimi nilikuandikia barua yenye kurasa mbili. Wewe ulichukua ukurasa mmoja.

Kuna jambo nilikuficha, na sasa naona nilifanya vibaya. Nilikuambia Donatus yuko katika shughuli zake. Shughuli zenyewe ni kuchimba. Tangu mwezi wa kwanza ana duara lake na wenzake sita, njia ya Katoro. Sikutaka ujue kwa sababu ulimlipia karo akawe karani, ukasema hatakuwa na kifua cha baba yake. Wenzake wamemchagua aongoze kwa sababu ni mpwa wa mtu aliyeandika mchezo. Yeye ndiye anayegonga. Wanamwita Kapteni, na si kwa mzaha kama wale wengine.

Nilikwenda Jumapili. Nikamwambia, "Mwanangu, msikilize baba yako." Akacheka kwa upole, unajua anavyocheka. Akasema, "Mama, mjomba amesoma vitabu vyote hivyo, anaweza kukosea jambo la jiwe? Na wewe mwenyewe umeandika gazetini." Akatoa kile kipande mfukoni, kimekunjwa vizuri, akanionyesha jina langu.

Nilimrudishia nikaondoka, kaka. Mimi, mama yake.

Mageni anakwenda kila asubuhi kwa mguu mpaka kwenye duara, anakaa pembeni. Wakigonga, anasikiliza. Likilia duu, anasimama na kuwaambia, "Tokeni." Hawatoki. Anakaa tena. Mchana anawagawia maji.

Sikuombi ushinde wala ushindwe na mtu wa Tabora. Nakuomba useme redioni kwamba ule mlio umegeuzwa. Mpaka utakaposema, kila Alhamisi unamwambia mwanangu aingie.

Euphrasia

*

Shinyanga, 21 Juni 1976

Mdogo wangu Euphrasia,

Nimepata barua yako na nimekaa nayo siku tisa. Generosa ameisoma. Tangu hapo anaweka chakula mezani na kuondoka bila kusema karibu.

Kuhusu Donatus, ungeniambia mapema. Kijana amesoma mpaka darasa la kumi na mbili, akashike sururu! Nani alimshauri? Lakini si wakati wake.

Nimewaandikia wakuu wa michezo. Wanasema sehemu zote zimekwisha kurekodiwa mpaka mwanzo wa Agosti, na tangazo la kusahihisha mchezo halijapata kutolewa. Usifikiri nimekaa kimya. Nimepata njia iliyo bora kuliko tangazo. Sehemu ya thelathini na mbili bado ninayo mezani, nitaiandika upya. Kapteni Ghati atavuka kwenda upande wa pili wa Mwezi, ule tusiouona, na huko atakuta mwamba wenye tabia nyingine. Atagonga, utalia duu, na mwamba utaanguka. Atasema, "Jamani, huku mambo ni kinyume." Wasikilizaji watajifunza bila kuambiwa kwamba walifundishwa vibaya, na Januari hatakuwa na pa kushika. Itasikika katikati ya Agosti.

Mpaka hapo mzuie Donatus. Mwambie mjomba wake anamhitaji Shinyanga. Mwambie Nyamizi anakaribia kujifungua. Mwambie lolote.

Herman

*

Kalangalala, 11 Julai 1976

Kaka,

Barua yako ilifika tukiwa matangani.

Jumatano ya tarehe 30 Juni asubuhi walichimba mkono mpya, yaani njia ya pembeni, chini ya duara. Donatus akagonga, ikalia duu. Mageni akasimama kama kawaida yake akasema, "Tokeni." Safari hii hakukaa tena. Alishuka kwa kamba, mtu wa miaka hamsini na saba mwenye kifua kile. Alimkuta Donatus anaongoza wenzake wawili kuingia. Akamshika mkono, akamvuta, Donatus akamsukuma. Baba yake! Akamvuta tena kwa nguvu, wakaanguka wote wawili nyuma, na hapo paa likashuka mbele yao. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Mageni anasema lilishuka kama mtu anayekaa.

Bulugu na mdogo wake walikuwa wameshaingia. Bulugu unamjua, yule aliyenitengenezea mlango ulipokuja Krismasi. Ana mapacha. Walimtoa siku ya pili, amekufa. Mdogo wake bado yuko chini.

Mageni amevunjika vidole vitatu vya mkono wa kulia. Donatus hana hata mkwaruzo. Siku ya tano alisema, na laiti angeendelea kunyamaza. Alisema, "Nyundo yangu ina mpini wa mti. Kapteni Ghati ana nyundo ya chuma kitupu. Mlio haukuwa sahihi." Ameagiza nyundo ya chuma kwa mhunzi. Wenzake wamekubali. Jumatatu ya tarehe 26 wanafungua duara jipya hatua thelathini kutoka lile.

Ndipo nikaisoma barua yako. Upande wa pili wa Mwezi. Kaka, Geita iko upande gani wa Mwezi?

Unasema umewaandikia wakuu. Wifi Generosa naye ameniandikia, barua yake ilifuata yako. Nimeelewa alichosema na alichokiacha. Sikuulizi.

Mageni ameniambia jambo moja juzi, nikimfunga kidonda. Siku hiyo alikula nyumbani kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Akasema, "Kaka yako anajua. Nilimwonyesha." Nikamuuliza lini, akageuka ukutani.

Nyamizi amejifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Anapumua vizuri. Hatujampa jina.

Euphrasia

*

Shinyanga, 19 Julai 1976

Mdogo wangu Euphrasia, na shemeji yangu Mageni,

Nawapa pole, na sistahili kuitoa. Namshukuru Mungu kwa mtoto.

Barua hii naituma kwa mkono wa dereva wa lori la pamba linaloondoka sasa hivi kwenda Mwanza. Ameahidi kuikabidhi kwa mwenzake wa Geita. Sitaki ilale kivukoni.

Sikuwaandikia wakuu wa michezo. Yale majibu niliyatunga mimi, kama ninavyotunga mengine. Leo napanda treni kwenda Dar es Salaam na nitasimama mlangoni mwao mpaka waseme redioni kabla ya mchezo wa Alhamisi. Wakikataa nitaondoa jina langu na sehemu zilizobaki. Nimemwandikia pia Januari Kitundu. Kuhusu sauti Mwezini yeye ndiye aliyekosea, na sitakubali vingine mpaka nife. Kuhusu dunia, alisema kweli, na nimemwomba aichapishe barua yangu yote bila kukata neno.

Mageni hakusema uongo. Ilikuwa mwaka 1962, uani kwenu. Nilimuuliza mnajuaje kama paa ni zima. Alichukua jiwe la kusagia akaligonga, kisha akageuza chungu kitupu akakigonga. Akasema, "Hili ukae chini yake. Hiki ukikimbie." Niliandika katika daftari, na daftari ninalo. Siku ile studio fundi alipogonga pipa nilikumbuka uani kwenu, nikawaangalia watu walivyoshtuka, nikasema, "Tumeupata." Nilijua, Euphrasia. Nilipokuandikia kwamba sikumbuki, nilikumbuka.

Chini hapa nimeandika maneno mengine. Mpe Shirin ayasome dukani Alhamisi saa moja na nusu. Mwambie Jafferali nimemwomba aizime redio mpaka amalize. Watakaopiga kelele, aanze upya tangu mwanzo.

Wachimbaji wa vilima vya Geita na wa njia ya Katoro, mimi ni Herman, niliyemtunga Kapteni Ghati. Mwamba wake ni pipa tupu la mafuta lililogongwa kwa rungu ndani ya chumba chenye mazulia. Mimi sijawahi kuingia kwenye shimo hata moja, la hapa wala la kokote. Nilifundishwa ukweli na mtu mnayemcheka, nikaugeuza kwa kuwa uongo ulikuwa na mlio mzuri zaidi, na nilipoambiwa niuseme nilikataa kwa kiburi. Bulugu na mdogo wake wamekufa kwa hilo. Nyundo ya mti au ya chuma ni mamoja. Mwamba ukilia duu umeachana, na utaanguka.

Donatus, hukukosea kugonga. Ulimwamini mjomba wako, na mjomba wako alikudanganya. Usilifungue lile duara jipya. Chukua hiyo nyundo uliyomwagiza mhunzi, nenda nayo nyumbani mbele ya wenzako wote, umpe baba yako. Ashike kwa mkono wa kushoto kama wa kulia hauwezi. Yeye ndiye atakayegonga, na ninyi mtasikiliza. Na akisema tokeni, tokeni.